Duka la chapa karibu na Mtaa wa Biashara, Mombasa: ushabiki wa kuvaa wazi na ushabiki wa kuvaa ndani

Duka ninalolitathmini hapa liko ghorofa ya kwanza, katika kichochoro kinachotoka Barabara ya Digo kuelekea Mtaa wa Biashara, juu ya maduka ya leso. Kazi yake ni kuchapisha picha na maandishi kwenye fulana, vikombe, beji, stika na kava za simu kwa watu wanaopenda kitu fulani kiasi cha kutaka kukibeba mwilini, kiwe timu ya mpira, kundi la muziki la Korea, tamthilia, mchezo wa kompyuta au wahusika wa anime, yaani katuni za Kijapani. Maduka ya chapa si haba mjini, na mengi hutengeneza fulana za harusi, za kampeni na za mazishi. Hili limejitenga na mengine kwa jambo moja ambalo sijalikuta kwingine, nalo ndilo lililonifanya niandike: kabla ya kuulizwa rangi wala saizi, mteja huulizwa kitu hicho anataka kionekane na nani.

"Bibiye, wataka ionekane na kila mtu, ama yako na roho yako?" Ndivyo mwenye duka alivyomwuliza msichana aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, ambaye alikuja na picha ya kundi la muziki la Korea ndani ya simu yake. Msichana alifikiri kidogo, kisha akajibu kwamba angependa waione wanaojua tu. Mwenye duka hakushangaa. Alimtolea beji ndogo yenye alama ya kundi hilo peke yake, bila sura ya mwanamuziki yeyote na bila jina, akamweleza kuwa asiyejua ataiona ni pambo la kawaida, na anayejua atamfuata amsalimie. Maduka mengi ya bidhaa za mashabiki huchukulia kuwa kila shabiki anataka kutangaza, na humpa mteja kitu kilichozidi ujasiri wake, ambacho baada ya wiki moja huishia kabatini. Hapa mteja hupewa kadiri anayoitaka. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo huduma yenyewe, na mashine zinafuata nyuma yake.

Thamani ya swali hilo haieleweki mpaka tutazame jinsi ushabiki unavyochukuliwa katika mji huu. Mpira hauna haja ya kufichwa. Jumamosi jioni, ligi ya Uingereza inapochezwa, mtu akitembea kutoka Mwembe Tayari hadi Makadara atapishana na jezi za Arsenal, Manchester United, Liverpool na Chelsea zilizovaliwa na watu wa kila rika. Mzee mwenye wajukuu huvaa jezi juu ya kikoi, akakaa barazani na kikombe chake cha kahawa, na hakuna anayemwuliza kwa nini mtu wa umri wake amebeba mgongoni jina la kijana anayeweza kuwa mjukuu wake. Dereva wa tuktuk hubandika nembo ya timu yake kwenye kioo, fundi cherehani huitundika ukutani, na karani wa benki anayelazimika kuvaa tai kazini hujulikana na wenzake wote ni wa timu gani, kwa kuwa Jumatatu asubuhi ni siku yake ya kutania au kutaniwa. Hata wasioupenda mpira wanajua namna ya kumpa pole shabiki aliyefungwa.

Wala jambo hili halikuletwa na televisheni. Feisal na Liverpool, timu za hapa hapa Mombasa, ziliwahi kuugawa mji huu katika pande mbili za ushabiki, na Feisal ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965. Akina mama wa mjini walikuwa na vyama vyao vya lelemama vilivyoshindana kwa nyimbo, kwa karamu na kwa mavazi, na wanachama walivaa leso za sare ili ajulikane wazi nani ni wa upande gani. Mtaa wa Biashara wenyewe umeishi kwa kuuza nguo zinazosema: mwanamke huchagua leso kwa jina lake, yaani maneno yaliyochapishwa juu yake, akalifikisha jina hilo kwa jirani, kwa mume au kwa wifi bila kufungua kinywa. Filamu za Kihindi nazo zimependwa hapa waziwazi kwa miongo mingi, hata mahadhi yake yakaingia katika taarab, na marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipendwa mno kwa kuimba kwa mahadhi hayo katika harusi zetu. Mama yangu anaweza kuimba mbele ya wageni wimbo wa Kihindi asioujua maana yake, na wageni wakaitikia.

Mji huu, kwa hiyo, hauoni haya kuonyesha unachokipenda. Unachofanya ni kuchagua mapenzi gani yaruhusiwe kukaa sebuleni na yapi yabaki chumbani, na uchaguzi huo hufuata mazoea. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha, na ninapenda anime tangu nikiwa shule ya upili. Ofisini, mwenzangu akisimulia mechi kwa nusu saa, anasikilizwa. Mimi nikitaja kwamba usiku nilitazama sehemu mbili za hadithi ninayoifuata, naulizwa kama nilikuwa na watoto. Nikisema nilikuwa peke yangu, kimya huingia, kisha mtu hubadilisha mazungumzo kwa upole. Hakuna aliyenitukana, na sidai kwamba ninaonewa. Lakini kila shabiki wa aina yangu anaujua upole huo, na anajua jinsi unavyomfundisha mtu kunyamaza. Kijana wa miaka 20 huambiwa ataacha akikua. Msichana anayependa wanamuziki wa Korea hushukiwa kuwa amependa wanaume badala ya nyimbo. Mwanamume anayekusanya vinyago vya wahusika vya plastiki, kwa bei ileile ambayo mwenzake hununulia jezi mpya kila msimu, huambiwa anapoteza fedha.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu bidhaa za duka hili haziwezi kupimwa kwa ubora wa wino pekee. Zinapaswa kupimwa pia kwa namna zinavyomsaidia mtu kupita katika siku yake, kutoka nyumbani hadi kwenye matatu, kutoka kivukoni Likoni hadi ofisini, na jioni kurudi kwa wazazi, huku kila mahali pakiwa na macho yake.

Kwa anayeanza, ningependekeza stika. Kwa shilingi 50 hupatikana stika ya ukubwa wa kidole gumba au zaidi kidogo, iliyochapishwa kwenye karatasi ya plastiki na kukatwa kwa kufuata umbo la picha. Wengi huiweka kati ya simu na kava inayoonyesha ndani, na hapo hukaa miezi mingi bila kuchakaa kwa sababu mkono wenye jasho hauigusi. Mtu akiweka simu kifudifudi mezani, stika huonekana; akiigeuza, hupotea. Kwa mtumishi wa ofisi, hiyo ni hatua ndogo inayoweza kurudishwa nyuma wakati wowote, na ndiyo maana naiona kuwa bidhaa iliyofikiriwa vizuri kuliko zote dukani. Zipo pia stika za karatasi ya kawaida kwa nusu ya bei, ambazo sizipendekezi, kwani unyevu wa pwani huzibandua pembeni mapema sana, hasa zikiwekwa kwenye chupa ya maji au kwenye kofia ya pikipiki.

Beji zimetengenezwa kwa umakini upande wa mbele. Picha imefunikwa vizuri, rangi haikuvuka mpaka, na alama ndogo kabisa zinasomeka. Upande wa nyuma ni habari nyingine. Pini yake ni ya chuma cha kawaida, na katika mji ambao hewa yake imejaa chumvi ya bahari chuma hicho huota kutu na kuacha doa la rangi ya kahawia. Juu ya mkoba wa turubai doa hilo halina madhara makubwa. Juu ya buibui la kitambaa chepesi, au juu ya kanzu, ni hasara. Nimemwomba mwenye duka alete pini za chuma kisichoshika kutu hata kama bei itapanda kutoka shilingi 100 hadi 150, na naamini wateja wengi wangelipa tofauti hiyo kwa hiari. Hadi hapo, beji ivaliwe kwenye mkoba pekee, na itolewe mkoba unapofuliwa.

Fulana ndiyo bidhaa kuu, na hapa msomaji anahitaji kujua kuna njia mbili za kuchapisha, kwa sababu duka halielezi tofauti yake mpaka liulizwe. Njia ya kwanza hutumia wino maalumu unaogeuka mvuke kwa joto la karibu nyuzi 190 na kuingia ndani ya uzi wenyewe. Picha ya namna hii haihisiki kwa kidole, haipasuki na haibanduki, lakini wino huo hushika kwenye poliesta peke yake, tena ya rangi nyeupe au iliyo hafifu. Kwenye pamba hutoka baada ya kufuliwa. Njia ya pili huchapisha picha juu ya karatasi laini ya plastiki, hunyunyiziwa unga wa gundi, kisha hukandamizwa juu ya nguo kwa joto dogo zaidi. Hii hukubali pamba na poliesta, nyeupe na nyeusi, na rangi zake hung'aa, ila huacha utando unaohisika kifuani na unaozuia hewa mahali ulipo.

Kwa joto la Mombasa, tofauti hiyo ni kubwa. Fulana ya pamba nyeusi yenye picha ya kutanda kifua kizima kwa njia ya pili hupendeza sana dukani, na saa saba mchana ndani ya matatu ya abiria 14 huwa adhabu, kwa kuwa jasho hukusanyika nyuma ya utando na halina pa kutokea. Ushauri wangu ni kuchagua picha ndogo upande wa moyo, au picha yenye nafasi wazi katikati yake, na kuacha picha kubwa kwa nguo za jioni. Niliagiza fulana ya kijivu ya pamba yenye mchoro wa ukubwa wa kiganja kwa shilingi 1,000, na imebaki safi baada ya kufuliwa mara nyingi. Ifuliwe ikiwa imegeuzwa ndani nje, ianikwe kivulini, na ipigwe pasi kwa upande wa ndani. Wanaoishi katika mitaa inayotegemea maji ya visima yenye chumvi, ambamo sabuni haitoi povu na mtu hulazimika kusugua kwa nguvu, wajihadhari zaidi, kwani kusugua huko ndiko kunakoanza kupasua picha, hata jua halijafika.

Kuna maarifa mengine ya mwenye duka ambayo hayatokani na mashine, na ambayo nimeyaheshimu sana. Vijana wengi wanaomjia huvaa kanzu siku ya Ijumaa, na kanzu nyeupe nyepesi huonyesha chochote kilicho chini yake. Kijana asiyependa wahusika wake waonekane msikitini huelekezwa kwenye fulana nyeupe yenye mchoro wa mistari ya kijivu hafifu, ambao juu yake kanzu haionyeshi kitu. Wanazuoni wengi huona kuswali na nguo yenye picha ya kiumbe kuwa makuruhu, na picha kubwa mgongoni humshughulisha aliye safu ya nyuma. Kwa hiyo duka limeandaa miundo isiyo na sura kabisa, kama vile alama ya kijiji cha hadithi, silaha ya mhusika, namba ya mchezaji, au sentensi moja iliyoandikwa kwa herufi za kupendeza. Nilimsikia akimwambia kijana mmoja, "Mwanangu, hii wavaa popote, hata kwa babu yako." Shabiki anayeishi katika familia yenye dini hupata hapo namna ya kubeba anachokipenda bila kumkosea Mungu wake wala kuwakosea wakubwa zake, na hiyo ni heshima ambayo duka la mtandaoni lililo ng'ambo haliwezi kumpa. Wasichana nao huagiza fulana za kuvaa chini ya buibui, zenye rangi zote za dunia, kwa ajili ya kujumuika na wenzao majumbani. Hao huchapishiwa picha kubwa wanavyotaka, kwa kuwa watakaoziona wamechaguliwa na mvaaji.

Vikombe ni vya kawaida. Picha imekaa sawa, mkono wa kikombe ni imara, na bei yake ya shilingi 500 ni ileile ya maduka mengine.

Leso ndiyo iliyonivuta zaidi na ndiyo iliyonivunja moyo. Kundi la wanawake wanaopenda tamthilia za Kikorea, ambao baadhi yao nawafahamu, waliagiza leso za sare kwa ajili ya harusi ya mwenzao: pindo la maua, mji, yaani sehemu ya katikati ya leso, wenye mchoro wa mwavuli na mvua, na jina lililotungwa na bi harusi mwenyewe kuhusu kusubiri mapenzi yafike kwa wakati wake. Kwa wageni wengine ilikuwa leso nzuri ya harusi. Kwa wao kila kitu kilikuwa na maana, maana mwavuli na mvua vilitoka katika tukio wanalolipenda wote, na walipopishana ukumbini walitazamana wakaelewana. Sijaona mfano bora zaidi wa ushabiki uliovaliwa mbele ya watu mia kadhaa, wakiwamo mashangazi na mama wakwe, bila kuomba ruhusa ya mtu na bila kujificha. Wanawake hao walifanya kilekile walichofanya bibi zao wa lelemama, na walikifanya kwa adabu na kwa fahari.

Tatizo ni kitambaa. Kwa kuwa njia ya mvuke haikubali pamba, duka lilichapisha leso hizo kwenye poliesta, na leso ya poliesta haina kazi ya leso. Huteleza kiunoni, hainywi maji, haifai kumfunga mtoto mgongoni, na ikisogezwa karibu na moto jikoni inaweza kuyeyuka na kushika ngozi. Leso inayovaliwa siku moja na kukunjwa haijafika pale ambapo leso hufika, yaani kitandani, jikoni, kwa mzazi na kwa mgonjwa. Duka linapaswa kumweleza mteja jambo hili kabla ya kupokea malipo, na si yeye agundue nyumbani. Nilishauri washirikiane na wachapaji wanaotumia skrini, yaani wavu wa kupitishia wino, na wino wa pamba. Mwenye duka alijibu kwamba kazi hiyo ina faida iwapo agizo ni la jozi nyingi tu, kwa kuwa kila rangi huhitaji skrini yake. Jibu hilo ni la kweli. Basi makundi yaungane, yaagize pamoja, yapunguze rangi ziwe mbili au tatu kama leso nyingi zilivyo, na ndipo leso ya mashabiki itakapostahili jina hilo.

Sasa nifike kwenye lalamiko langu kubwa, ambalo ndilo sababu ya kutolitaja duka kwa jina, maana nataka kwanza kulipa nafasi ya kurekebisha. Wafanyakazi wa duka walikuwa na desturi ya kumpiga picha mteja akiwa ameshika alichonunua, na kuiweka picha hiyo katika kurasa za duka mitandaoni na katika WhatsApp kama tangazo. Baadhi ya wateja hufurahi. Lakini mwalimu mmoja kijana, aliyechukua stika ndogo ya kuweka ndani ya kava ya simu, alijikuta uso wake umetangazwa pamoja na stika hiyo, na wanafunzi wake wakaiona kabla ya yeye kuiona. Picha iliondolewa siku hiyohiyo alipolalamika, na akaombwa radhi. Hata hivyo, duka linalomwuliza mtu "wataka ionekane na nani" haliwezi, dakika tano baadaye, kumjibia swali hilo mbele ya mji mzima. Kosa la aina hii lina uzito kuliko wino unaopasuka, kwa sababu linavunja kitu kilekile ambacho mteja alikuja kukinunua.

Zaidi ya hayo, jambo hili lina sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja jijini Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja ikatozwa shilingi milioni 4.55 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Duka ambalo wateja wake wengi ni wanafunzi wa sekondari linapaswa kuzitafakari faini hizo. Tangu mwalimu yule alalamike nimeona karatasi imebandikwa karibu na kaunta ikisema kwamba hakuna picha itakayopigwa bila ruhusa. Ningependa ruhusa hiyo iombwe baada ya mteja kulipa na kupokea mzigo wake, kwa kuwa anayeombwa kabla ya kuhudumiwa huona tabu kukataa, hasa akiwa mdogo mbele ya mtu mzima.

Suala la haki za wachoraji nalo haliwezi kuachwa. Wahusika wengi wanaochapishwa hapa ni mali ya kampuni za ng'ambo, nembo za timu ni alama zilizosajiliwa, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 pamoja na sheria ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa bandia. Mashabiki hupenda kujifariji kwamba bidhaa halisi hazifiki Mombasa, au zikifika bei yake haishikiki, na ni kweli kwamba gharama ya kusafirisha beji moja kutoka Japani inaweza kuipita bei ya beji yenyewe. Lakini anayempenda mchoraji asimnyang'anye riziki yake. Njia ninayoiunga mkono ni ile ambayo duka limeanza kuifuata kwa kiasi, ya kuwatumia wachoraji vijana wa hapa wanaobuni michoro yao wenyewe. Ubunifu huo ndio bora dukani. Kuna mchoro wa shujaa aliyesimama juu ya boma la Fort Jesus, amevaa kikoi, na upepo wa kusi ukipeperusha shuka lake, ambao umechorwa kwa mtindo wa Kijapani bila kumwiga mhusika wa mtu. Nilipovaa fulana yenye mchoro huo ofisini, mwenzangu wa mpira ndiye aliyeuliza umetoka wapi, na baada ya kumweleza aliniuliza, kwa mara ya kwanza, hadithi ninazozitazama zinahusu nini. Tulizungumza mpaka chai ikaisha. Michoro ya namna hii iongezwe, majina ya wachoraji yaandikwe kwenye lebo ikiwa wenyewe wanaridhia, na wachoraji walipwe kwa kila nakala inayouzwa.

Kuhusu huduma nyingine, sina mengi. Malipo hupokelewa kwa M-Pesa au taslimu, na bei zimeandikwa ukutani, hivyo hakuna kubishana. Agizo la stika hukamilika mteja akisubiri; fulana huchukua siku mbili au tatu, na hiyo tatu ndiyo ya kutegemea. Umeme ukikatika kazi husimama, lakini mteja hutumiwa ujumbe mapema. Ngazi za kupandia ni nyembamba na hazina mahali pa kushika, kwa hiyo mzee au mtu mwenye ulemavu hulazimika kupiga simu ili ahudumiwe chini mlangoni, ambapo faragha niliyoisifu juu haipo tena. Ndani kuna viti viwili na feni moja, na wakati wa alasiri wanafunzi wakitoka shule hakuna pa kusimama. Asubuhi kabla ya adhuhuri ni wakati mzuri zaidi kwa anayetaka kushauriana kwa utulivu kuhusu kipi kionekane na kipi kisionekane.

Anayekusudia kuagiza nguo za sare kwa ajili ya harusi au Idi aende mapema, kwa sababu mwezi wa Shaabani, watu wanapoharakisha harusi kabla ya Ramadhani, mashine huchukuliwa na kazi za harusi, na maagizo madogo ya mashabiki hungoja nyuma ya foleni. Achukue sampuli ya kitambaa nyumbani, aifue mara mbili kwa maji anayotumia mwenyewe, kisha ndipo alipe arubuni.